Sikio la Mkuu

Mtu wa Mara akikupigia simu, ukamsikiliza kimya, hafiki mbali. Atakatisha habari yake katikati: "Haloo? Upo?" Utamjibu kwamba upo na unamsikia, ataendelea, lakini kwa shaka. Kwake yeye, msikilizaji asiyetoa sauti ama kakatwa na mtandao, ama kachoka. Anangoja "enhee" yako, "kumbe!", "aisee", "ikawaje sasa?", na habari ikiwa nzito anangoja ule mguno mrefu utokao kifuani. Bila hivyo maneno yake hayana pa kutua.

Simama kidogo Mwigobero, pale mjini Musoma ambapo soko linagusana na ziwa, uache kuwasikiliza wanaosema, uwasikilize wanaosikiliza. Mama muuza dagaa anamweleza mwenzake jinsi mali ilivyoadimika tangu mbalamwezi ianze, maana dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hizo hazifui dafu. Mwenzake anayajua yote hayo, naye anauza dagaa. Hata hivyo kila sentensi anaipokea, na nyingine anaimalizia pamoja na msemaji, wote wawili wakifika kwenye neno la mwisho kwa mpigo mmoja. Msemaji naye anamwachia nafasi ya kuingia: "Nikafika nyumbani, nikakuta nini? Nikakuta mlango wazi." Swali lile halihitaji jibu. Limewekwa hapo ili msikilizaji apate pa kushika.

Nchi nzima inatutania kwamba watu wa Mara tunaongea kama tunaogombana. Sauti zetu ni kubwa, hilo halina ubishi. Neno la salamu likitamkwa Tarime huweza kumshtua mgeni wa Tanga. Utani huo, hata hivyo, unatazama mdomo peke yake. Ukitazama sikio utakuta kazi kubwa inafanyika, na ina kanuni zake: lini upokee, lini unyamaze, lini uulize, na nani asikatizwe kamwe.

Jamii nyingine iliyompa msikilizaji kazi kama hii iko mbali sana na Ziwa Victoria. Wajapani, ambao dunia inawasifu kwa ukimya, wangejisikia wenyeji pale Mwigobero. Mazungumzo yao yamejaa vipokezi: "un" kwa rafiki, "hai" kwa mkubwa, "naruhodo" kwa jambo lililoeleweka sasa hivi. Desturi nzima huitwa aizuchi, na huambatana na kutikisa kichwa. Si ajabu kumkuta Mjapani akiinama mbele ya simu ambayo aliye upande wa pili haoni lolote. Mwanaisimu Senko Maynard alilinganisha mazungumzo ya Wajapani na ya Wamarekani katika miaka ya 1980, akaona kwamba Wajapani hupokea maneno ya mwenzao mara nyingi zaidi. Mmarekani aliyezoea kusikilizwa kwa utulivu huweza kudhani anaharakishwa. Mjapani akisikilizwa bila mguno huanza kujiuliza amekosea wapi, sawasawa na yule wa Musoma anayeuliza "Upo?"

Tofauti inajitokeza mkitoka barazani mkapanda gari. Katika treni za Tokyo, matangazo huwaomba abiria wazime milio ya simu na wasizungumze kwa simu ndani ya behewa. Behewa huweza kujaa watu mpaka mlangoni na bado ukasikia reli tu. Adabu pale ni kuliacha huru sikio la jirani: hujui amelala saa ngapi, hujui ametoka kuzika nani, basi usimpe mzigo wa habari zako.

Sasa njoo kituo cha mabasi Bunda. Hiace zinazopakia watu kwenda Musoma zilizaliwa Japani, na nyingi zilifanya kazi huko kabla ya kuvuka bahari. Baadhi zina maandishi ya Kijapani ubavuni mpaka leo. Yapo hata magari madogo ambayo dereva akiwasha tu, sauti ya kike inamkumbusha kwa Kijapani cha heshima kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara. Barabara yetu haina kadi hiyo, na wala hakuna anayemjibu yule dada. Konda anaita abiria, bongofleva inapigwa, mtoto analia, kuku chini ya kiti anatoa maoni yake, na mzee wa kiti cha nyuma ameweka simu kwenye spika akijadiliana na mdogo wake juu ya mgonjwa aliyelazwa Musoma.

Ni rahisi kuhitimisha hapo kwamba Mjapani anajua kusikiliza na sisi hatujui. Subiri mzee akate simu. Mama aliye pembeni yake, ambaye hawajawahi kuonana, atamgeukia: "Pole, mzee wangu. Kwani mgonjwa anasumbuliwa na nini?" Wa mbele atasema ndugu yake aliugua vilevile, akaponea hospitali fulani. Mkifika Kiabakari nusu ya gari inamwombea mgonjwa, na mmoja ameshamwelekeza mzee wodi iliko na saa za kuona wagonjwa. Kwenye Hiace, ulichokisikia kinakuwa chako pia. Kujifanya hukusikia ndiyo utovu wa adabu.

Kila desturi ina gharama yake. Abiria wa Tokyo anaweza kulia kimoyomoyo kituo hadi kituo, na watu mia walio karibu wakamheshimu kwa kutomwuliza. Abiria wa Bunda hapumziki, na siri yake humtangulia kufika Musoma. Sitaki kumpa mmoja kikombe cha ushindi. Ninachokiona ni kwamba pande zote mbili zimekubaliana jambo ambalo nchi nyingi zimelisahau: mwenye sikio anadaiwa. Mjapani hulipa deni hilo kwa kumpunguzia jirani kelele, sisi hulilipa kwa kumpokea.

Na sisi pia tuna vimya vyetu. Waliokua enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka saa ya matangazo ya vifo. Wimbi la sauti nyumbani lilikatika lenyewe. Mtoto aliyeendelea kucheka alitazamwa mara moja tu, ikatosha. Tangazo lilitaja marehemu, kisha likaanza kuwatafuta ndugu zake mmoja mmoja: wa Musoma, wa Shirati, wa Bunda, wa Mwanza, wa mashamba ya mbali. Taifa zima lilikaa kimya ili mtu mmoja asikie jina la baba yake. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London, kimya hicho kiliikuta nchi nzima na jina moja.

Msibani nako kuna kimya cha namna yake. Mgeni wa msiba huku kwetu husema "poleni" kisha hukaa. Hatakiwi kuleta hotuba. Wasifu wa marehemu ukisomwa, pamoja na ugonjwa ulivyoanza na ulivyoendelea, watu huinamisha vichwa. Na msemaji wa familia akitangaza kwamba mwenye kudai au kudaiwa na marehemu aonane na wafiwa, masikio husimama. Mtu aweza kukaa chini ya turubai kutwa nzima bila kusema maneno kumi, na jioni akaagwa kwa shukrani kwamba amefariji.

Hayo yote, kupokea na kunyamaza, tuliyajifunza chini ya mti kabla ya kuyapeleka kwenye simu na kwenye gari. Jamii nyingi za Mara, Wazanaki na Wakurya wakiwemo, zilijipanga kwa rika na vizazi, na zamu ya kusema ilifuata mpangilio huo. Kijana aliyekuwepo barazani alikuwepo kusikiliza. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Nyerere, wakati ule Kambarage tu: alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, akakulia kwenye boma la mtemi. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki hadi alipofariki mwaka 1942, na kesi za watu, za ng'ombe, za mahari na za mipaka ya mashamba, zilifika kwake. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano. Mtoto huyo hakupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mpaka mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Hivyo kabla ya darasa la kwanza alikuwa tayari na miaka mingi ya darasa jingine, ambamo mtoto hanyooshi mkono.

Alipokuwa kiongozi wa nchi alilirudia darasa lile kwa kalamu. Katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhusu demokrasia ya Kiafrika, alijenga hoja yake juu ya wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza hadi wakubaliane. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa roho ya demokrasia: mazungumzo huru ya watu walio sawa, yasiyokatishwa na kura kabla ya wakati wake. Wasomi wengi wamebishana naye kuhusu chama kimoja alichokijenga juu ya hoja hiyo. Wachache wamegusa kile ambacho hoja yenyewe ilikiacha bila kukitaja. Watu wanaweza kuzungumza mwezi mzima, mti ukapukutika majani, na wasikubaliane kitu, kama kila mmoja anangoja tu mwenziwe apumue ili aingize lake. Kinachowafikisha kwenye makubaliano si wingi wa maneno. Ni kwamba la kwanza lilisikiwa kabla la pili halijasemwa.

Wazee walilijua hilo, ndiyo maana baraza halikuanza siku ya baraza. Jambo zito lilitembezwa kwanza. Mtu alipita kwa huyu asubuhi, kwa yule jioni, akakaa, akasikia kila mmoja ana kinyongo gani, akaenda zake. Siku ya kikao ilipofika, wengi walikuwa wameshasikilizwa faraghani, na baraza lilibaki kuhalalisha hadharani kilichokwisha kupikwa nyumba kwa nyumba. Katika kampuni na ofisi za Japani kuna mwenendo huohuo, unaitwa nemawashi: mwenye pendekezo huwazungukia wahusika mmoja mmoja kabla ya mkutano, ili asiwepo atakayeaibika kupinga mbele za watu wala atakayeburuzwa. Mgeni huona mkutano wao hauna mjadala, akadhani hawana mawazo. Mawazo yalishasikilizwa juzi.

Hapa ndipo penye hatari ambayo Mwigobero haina lakini ofisi inayo. Ile "enhee" ya muuza dagaa humwambia mwenzake: nakusikia, endelea. Haisemi: nimekubali. Wafanyabiashara wa kigeni waliwahi kurudi kutoka Japani wakijisifu kwamba wenyeji wao waliitikia "hai" kwa kila sharti, kisha mkataba usisainiwe. Walipewa adabu, wakaihesabu kama ahadi.

Kosa hilo tunalifanya sisi kwa sisi, na sisi hatuna udhuru wa ugeni. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndicho chombo chenye kauli ya juu kijijini. Anakuja mtaalamu kutoka wilayani na makabrasha yake. Anaeleza mradi. Wazee waliokaa mbele wanampokea kama walivyolelewa: "eeh", "sawa", "haya". Mgeni hakatizwi. Mtendaji anaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wameridhia kwa kauli moja. Mwezi unaofuata siku ya kuchimba msingi inafika, watu hawaonekani, na ofisini wanalalamika kwamba wanakijiji hawaeleweki. Walieleweka vizuri sana. Walisema wamesikia.

Ofisi nazo zimebuni vipokezi vyake. Nenda vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako tembo huvuka mpaka usiku na kumaliza kwa saa chache shamba la mahindi lililolimwa msimu mzima. Huko wakulima hulala shambani na tochi na madebe, wakitega sikio gizani kwa mlio wa bua linalovunjika. Mkutanoni husimama wakaeleza walichopoteza, na meza kuu hujibu: "Tumelipokea. Tunalifanyia kazi." Maneno yenyewe ni mazuri, na yapo viongozi wanaoyasema kisha wakayafanyia kazi kweli. Yakitamkwa mkutano baada ya mkutano huku tembo wakiendelea kuja, yanabaki kuwa sauti ya sikio lililolala. Mkulima wa Bunda anasikiliza vizuri zaidi akiwa peke yake gizani kuliko anavyosikilizwa mchana mbele ya umma.

Tuna methali ambayo kila mtoto aliyesoma shule ya msingi anaijua: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali ya kweli, na imeokoa miguu mingi. Lakini tazama mzigo ulivyopangwa. Anayetakiwa kusikia ni mdogo. Mkuu ana la kusema tu. Adabu yetu ya kusikiliza, nzuri kama ilivyo, kwa sehemu kubwa inapanda kuelekea juu: kijana kwa mzee, mke kwa mume, mwanakijiji kwa mtendaji. Kushuka huwa ni kwa hiari ya aliye juu.

Hata Mwalimu, mtoto wa baraza la Butiama, aliliona hilo kwa gharama ya wengine. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si ombi tena bali ni amri. Mwaka uliofuata Mara nayo ilihamishwa. Palikuwa na shabaha njema: shule, zahanati, maji ya bomba karibu na watu. Palikuwa pia na wakulima waliojua ni udongo upi unaotoa mtama na bonde lipi linajaa maji ya masika, na ujuzi huo haukuulizwa. Nyumba zilibomolewa, watu wakashushwa pengine porini. Nikiyatafakari mambo yale naona methali yetu ina upande wa pili ambao hatukuusema: mkuu asiyesikia la mdogo havunjiki yeye, huvunja miguu ya wengi.

Haki inadai niseme na lile la mwaka 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ipite nchi nzima kuuliza kama Tanzania ibaki na chama kimoja au iruhusu vingi. Takriban watu wanane kati ya kumi waliosikilizwa walisema chama kimoja kibaki. Wawili hivi walitaka vingi. Kwa hesabu ya mikono iliyonyooshwa, jambo lilikuwa limekwisha. Tume ikapendekeza vyama vingi, na Mwalimu, aliyekuwa ameujenga mfumo wa chama kimoja kwa mikono yake, akasimama kuutetea uamuzi wa kuwasikiliza wale wachache. Sheria ya vyama vingi ikaanza kufanya kazi Julai 1992. Unaweza kumlaumu Mwalimu kwa mengi ya miaka ya 1970. Lakini kwa mkuu kusikia sauti ndogo inayopinga kazi ya maisha yake, huku umati ukimshangilia aendelee, sijui mfano mkubwa zaidi katika historia ya nchi yetu.

Mti wa wazee ulikuwa na kasoro nyingine ambayo hata sikio hilo halikuitibu: haukuwafunika wote kwa kivuli chake. Mwanahistoria Jan Bender Shetler ameandika vitabu vitatu kuhusu Mara. Kile cha mwaka 2003 kilikusanya historia za Mara Kusini zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, na sauti zake ni za wanaume. Miaka 16 baadaye, mwaka 2019, alichapisha kingine kilichojengwa juu ya kumbukumbu za wanawake, na Mara iliyomo ni nyingine. Wanaume walisimulia makabila, mipaka na mababu. Wanawake walisimulia nani alioa wapi, nani alimpa nani chakula mwaka wa njaa, shangazi gani aliunganisha koo zilizokuwa zikiwindana. Bibi zetu hawakuanza kuyajua hayo mwaka 2019. Waliyajua siku zote. Mwenye daftari alikuwa akielekezwa kwa babu.

Japani isitumike hapa kutuchapa fimbo. Juni 2014, katika baraza la jiji la Tokyo, diwani Ayaka Shiomura alikuwa akizungumzia msaada kwa wajawazito na wazazi wenye watoto wadogo, na wanaume ukumbini wakamzomea aende akaolewe kwanza. Nchi ile ambayo humwomba abiria asizungumze kwa simu kwenye treni ilishuhudia mwanamke akikatizwa ukumbini na watunga sheria wa jiji lake. Mmoja wao baadaye alijitokeza kuomba radhi. Kumbe adabu ya kusikiliza inaweza kuwa kamilifu mtaani na ikavunjika anaposimama mtu ambaye wakubwa hawakutarajia aseme.

Kwetu hapa, wa mwisho kabisa kwenye foleni ya kusikilizwa ni binti. Kila Desemba ya msimu wa ukeketaji wapo wasichana wa Mara wanaokimbia nyumbani usiku kwenda nyumba salama, iliyopo Butiama ikiwa mojawapo. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo binti anapokimbia, anakimbilia kwenye haki yake. Lakini fikiria yaliyotangulia safari hiyo. Alilelewa vizuri. Alimwamkia kila mkubwa shikamoo, hakumkatiza mtu, aliitikia "abee" alipoitwa. Kisha siku aliposema "sitaki", watu wazima waliomfundisha kusikiliza hawakumsikia. Akabakiwa na miguu tu ya kuzungumzia.

Ndiyo maana siridhiki tunapojisifu kwamba Waafrika tunajua kusikiliza kwa kuwa tunawaheshimu wazee. Kumsikiliza aliye juu yako kunachanganyika na woga, na hata mtu asiye na adabu huweza kufanya hivyo. Kipimo ni sikio linaloshuka: la mzee kwa mjukuu, la mwalimu kwa mwanafunzi, la daktari kwa mgonjwa anayejieleza polepole, la ofisa kwa mkulima wa Bunda. Kwa kipimo hicho Tokyo na Musoma hazipishani sana, na zote zina kazi mbele yao.

Kazi hiyo haihitaji fedha za mfadhili wala semina. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wa Butiama, Bunda na Musoma, pamoja na wataalamu wanaotumwa kwao, wanaweza kuianza kwenye mkutano ujao kwa utaratibu wa mambo mawili. La kwanza: mchangiaji akimaliza, mwenyekiti asijibu kabla ya kurudia kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia, kisha amwulize, "Ndivyo ulivyosema?" Akisema sivyo, arudie tena. La pili: wazee wakishaitikia "sawa" na "haya", muhtasari usiandikwe kwamba wameridhia mpaka waulizwe waziwazi kama wamekubali au wamesikia tu, na waulizwe kwanza waliokaa nyuma. Mkutano utachukua muda mrefu zaidi. Ukiwa mwenyekiti, vumilia. Ukiwa mwanakijiji na mwenyekiti wako harudii, nyoosha mkono umwombe arudie. Hiyo ni haki yako, na wala si kumkosea heshima.